Mkate wa Rangi wa Harusi ya Watumwa

Katika nyumba niliyokulia Kasongo, rangi ya mkate ilikuwa na wenyewe. Mkate wa mayai uliopambwa kwa maua mekundu, ya manjano na ya samawati uliliwa na waungwana peke yao, siku ya harusi zao au siku ya Idi. Sisi tulioutengeneza tulipewa kingo zilizoungua, zilizokatwa kabla rangi haijatiwa. Hakuna aliyenifundisha sheria hiyo. Niliijua tangu utotoni, kama nilivyojua mlango upi ni wa kupita wao na upi wa kupita sisi.

Nilizaliwa katika kijiji cha Wabangubangu, upande wa Kabambare. Ukiniuliza leo njia ya kufika huko, siwezi kukuonyesha. Tulichukuliwa wakati wa kuvuna karanga, mimi na mama yangu pamoja na majirani. Mama hakufika Kasongo. Nilipofikishwa kwenye ua wa mfanyabiashara mmoja, aliyenipokea alikuwa mpishi wa nyumba hiyo, mjakazi kutoka pwani aliyetembea nchi yote hiyo nyuma ya Bibi yake. Alinitazama, akaniosha miguu, akaniketisha karibu na moto. Tangu siku ile jiko lilikuwa nyumba yangu, naye nikamwita Mama Mpishi kama walivyomwita wote.

Bibi, mke wa Bwana, hakuwahi kuisamehe Kasongo kwa kukosa minazi. Mpunga ulikuwako tele, miwa ilikuwako, mapapai na ndizi hadi zinaoza, lakini nazi hakuna. Mapishi mengi ya kwao aliyaacha njiani. Fahari yake yote akaiweka kwenye mkate wa mayai, ambao hauhitaji nazi. Kiswahili chetu pia kilimkera. Tukisema mukate na mukono alitusahihisha, "Mkate. Mkono." Tulimjibu, "Ndiyo, Bibi," tukarudi jikoni kusema mukate.

Mkate wenyewe ulikuwa hivi. Unapiga mayai na sukari kwa kipekecho mpaka bega linakufa ganzi, unatia unga wa mchele kidogo kidogo, unatia hiliki iliyokuja na misafara. Unamimina kwenye chungu kilichopakwa mafuta ya karanga, moto chini na makaa juu ya kifuniko. Wageni wakiwa wa heshima, tulioka midogo midogo kwenye vikombe vya udongo, kila mtu na wake.

Halafu inakuja rangi. Ute mweupe wa mayai unapigwa peke yake na sukari nyeupe ya pwani, ile iliyofika ikiwa imegandamana kama jiwe, nasi tuliitwanga na kuichekecha kwa kitambaa cha bafta. Unapiga mpaka unapata povu zito ambalo hata ukipindua bakuli halidondoki. Tone moja la mawese likiingia, povu linakufa, na ujue utalala na njaa. Povu hilo unaligawa kwenye vibakuli. Manjano inatiwa bizari. Wekundu unatoka kwenye lengalenga nyekundu, ile jamii ya mchicha, iliyopondwa na kukamuliwa. Samawati ni ya ua la mtambaazi uliokuwa unaota kwenye ukingo wa ua wetu, na hiyo ina hila yake: ukiigusisha ndimu inageuka zambarau. Kisha unapitisha jani changa la mgomba juu ya moto lilegee, unalikunja kama pembe, unajaza povu, unakata ncha. Ncha ukiikata sawasawa unatoka uzi. Ukiikata mshazari linatoka jani la ua. Unaminya kwa kiganja, na mkono mwingine unaongoza.

Nilikuwa na mkono. Sioni haya kusema. Mama Mpishi alinifundisha mpaka siku moja akaweka jani lake chini, akasema, "Haya, pamba wewe, mimi nitakaa." Tangu hapo kila mkate uliotoka nyumba ile ulitoka chini ya kiganja changu. Bibi aliuchukua kwenye sinia, akaingia nao barazani kwa wageni wake, akasema, "Kazi ya nyumbani kwangu hiyo." Nami nikiwa nyuma ya mlango niliwasikia wakisifu.

Jikoni nilikuwa na mwenzangu. Alikuwa wa kabila la Wazimba, aliletwa akiwa mkubwa kidogo kuliko nilivyoletwa mimi, ila kwa umri nilimzidi, kwa hiyo aliniita dada. Tulilala mkeka mmoja. Alikuwa mtu wa kucheka ovyo, hata penye hatari, na mara nyingi nililambwa makofi kwa sababu ya kicheko chake. Akapendana na mtu aliyelima mpunga wa Bwana. Bwana akaridhia waoane. Bibi akampa kaniki mpya, akamwambia apike wali wa kutosha watu wa uani.

Jioni hiyo tulikuwa tunachambua mchele, yeye na kaniki yake mpya imekunjwa mapajani.

"Dada," akasema, "miye nimeona mikate mingapi hapa?"

"Mingi."

"Nimepiga mayai mangapi?"

"Mengi."

"Nami nitaolewa na wali mutupu?"

Alisema akicheka. Lakini sikucheka. Nilitazama mikono yake, ngozi imekuwa ngumu kwa mpini wa kipekecho.

"Utapata mukate wako," nikamwambia. "Wa rangi."

Kicheko kikamwisha. "Bibi atakuua."

"Hajaniua bado."

Mama Mpishi alitusikia. Alisubiri mwenzangu aende kuchota maji, akanivuta mkono. "Usiguse ghala. Ukichukua hata punje ya sukari yake nitakuwa wa kwanza kukusema. Si kwamba sikupendi. Akikukamata na kitu chake, utakuwa umempa haki ya kukuadhibu."

Sikuhitaji kuambiwa. Tulikuwa na siku zetu wenyewe za kulima, na vijishamba vyetu nyuma ya migomba. Wanawake wa uani walikuwa na miwa. Tuliikata, tukaitwanga, tukakamua, tukachemsha yale maji mpaka yakawa mazito. Ila sukari yetu haikuwa nyeupe. Ilikuwa kahawia, nzito, na ililowana. Nilijaribu kuitia kwenye ute kama nilivyozoea, povu likalala. Nilijaribu tena, likalala. Wanawake walikuwa wameniletea mayai waliyowanyima watoto wao, nami nayaharibu mbele ya macho yao. Mara ya mwisho, kwa hasira tu, niliimimina ile asali ya miwa ikiwa bado inachemka, huku nikipiga bila kusimama. Povu likainuka. Likang'aa, likasimama imara kuliko povu lolote nililowahi kumpigia Bibi, na rangi yake ilikuwa kama ngozi ya mtoto aliyezaliwa karibuni.

"Halitakuwa jeupe," mwenzangu akasema.

"Kwani weye uko mweupe?" nikamwuliza, akaanza kucheka tena.

Nilipaka kahawia hiyo mkate mzima, iwe ndiyo ardhi yake, na rangi nyingine nikazitia juu. Manjano juu ya kahawia iliwaka. Nyekundu ikawa kama jeraha bichi. Halafu nikasimama na jani mkononi, sijui nichore nini. Mkono wangu ulijua maua ya asmini ya Bibi, mwezi mwandamo, mizabibu ambayo mimi sijaiona maishani mwangu. Sikutaka kuyaweka pale. Nikafumba macho nikatafuta kitu kingine, nikaliona tumbo la mama yangu. Alikuwa na chale, mistari iliyotoka kitovuni ikipanda kama mabua ya mpunga, na vitone pembeni. Nilipokuwa mdogo nilikuwa navigusa vitone vile nikiwa nasinzia. Ndivyo nilivyovichora, kwa samawati na nyekundu. Pembeni mwenzangu akaniambia nimtie alama za kwao, akazichora kwa kidole juu ya vumbi, nami nikazifuata.

Waliozwa alasiri ya Ijumaa, nyuma ya maghala, upande wetu. Mkate ukaletwa. Mzee mmoja aliyekuwa mchukuzi wa pembe za ndovu tangu ujana wake alisogea akauinamia kama mtu anayesoma. Kisha akauliza, "Huu ni wa nani?" Akaambiwa, "Wetu." Hakuamini mpaka alipopewa kipande mkononi. Vigelegele vilivyopigwa vilisikika barazani kwa Bibi.

Na kwa kweli ndivyo alivyopata habari. Alituma mtu aje kuuliza mbona makelele, na aliyetumwa akarudi na masharubu yenye rangi.

Asubuhi yake niliitwa uani. Bibi alikuwa amesimama, si kawaida yake. Alipenda kutuhukumu ameketi. Watu wote wa nyumba walikuwepo.

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna, Bibi."

"Sukari umeitoa ghalani kwangu."

"Sukari ni ya miwa yetu. Mayai ni ya kuku wetu, na unga ni wa mpunga tuliolima siku zetu. Rangi ni za porini."

"Ni kweli, Bibi," Mama Mpishi akasema kutoka mlangoni. "Nimeona kila kitu."

"Sikukuuliza wewe." Bibi hakumgeukia. Alinitazama mimi. "Vyote vyenu. Na mkono je? Mkono uliopamba ni wa nani?"

"Mukono ni wangu."

Bibi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetukanwa mbele za watu.

"Mkono huo nimeulisha mimi, umefundishwa na mpishi wangu, ndani ya jiko langu. Ni kitu changu. Na kitu changu nisipotaka kitumike, nakifunga. Sanduku nalifunga. Ghala nalifunga."

Akamwita nyapara. Nyapara akanifunga kifundo cha mkono wa kulia kwa kamba ya ukindu, akaizungusha kiunoni, akakaza. Nilifunguliwa wakati wa kula na wa kutawadha tu. Vinginevyo nilifanya kazi zangu zote kwa mkono mmoja, na kazi haikupunguzwa.

Nilidhani nitazoea baada ya siku chache, nikaona aibu kuliko maumivu. Watoto walinitazama. Kupeta mchele kwa mkono mmoja, ungo umeegemea nyonga, ni kitu cha kuchekesha ukikiona kwa mwingine. Mwenzangu, ambaye sasa alikuwa mke wa mtu, alikuja akanisaidia akilia, na kulia kwake kulinichosha kuliko kazi. "Nyamaza," nikamwambia. "Mukate ulikula hukula?" Akasema amekula. "Basi."

Siku moja nilichukua jani la mgomba, nikalikunja kwa mkono wa kushoto na meno, nikajaza tope laini la mtoni, nikachora kwenye ukuta wa jiko. Mistari ilikwenda upande kama mlevi. Kesho yake nikachora tena. Mkono wa kushoto ni mzito, hauna adabu, lakini hauna kiburi pia, ukiurudia unasikia. Mama Mpishi alipouona ukuta alisema, "Unajitafutia balaa," akachukua kitambaa kibichi. Akasimama nacho. Kisha akakitumia kufuta chungu.

Mwezi mmoja ukaandama, na mwingine, kamba bado iko kiunoni. Halafu binti wa Bibi akachumbiwa na watu wa Nyangwe, mji wa jirani.

Huyu binti nilimbeba mgongoni. Alijifunza kutembea akishika kaniki yangu, na aliniita yaya mpaka alipokuwa mkubwa. Bibi alitaka harusi ambayo Nyangwe ingeizungumza mwaka mzima. Aliagiza vikombe vipya vya udongo vya mikate midogo, akatoa sukari nyeupe ghalani kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akaja jikoni, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara, akanifungua kamba yeye mwenyewe. Fundo lilimsumbua. Alilivuta kwa kucha.

"Haya. Adhabu imekwisha," akasema. "Kesho kutwa tuna harusi."

Mkono wangu ulikuwa umekonda. Niliuchukua kwa ule wa kushoto, nikauweka mapajani.

"Sitapamba, Bibi."

"Unasemaje?"

"Mikate nitaoka. Mayai nitapiga. Kuni nitachanja, maji nitachota. Rangi sitatia."

"Kwa sababu ya kamba."

"Kwa sababu kamba ulinifunga kwa mukate wa mwenzangu. Ukisema mbele ya watu wote uani kwamba mutu yeyote wa nyumba hii akiolewa atapata mukate wa rangi, basi nitapamba mpaka vidole vianguke."

Alinipiga kofi. Nililitarajia, ila halikuniumiza kama nilivyotarajia.

"Nitakupeleka Kabambare," akasema, na sauti yake ilikuwa chini sasa. "Na kutoka Kabambare utakwenda Ujiji, ukauzwe kwa watu usiowajua."

"Na hapa, Bibi, niliuzwa kwa watu niliowajua?"

Msidhani sikuogopa. Ujiji nilikuwa nimeisikia, na waliokwenda huko sikuwahi kumwona hata mmoja amerudi. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema, na neno likishatoka mbele ya Mama Mpishi na wasichana wote wa jikoni halirudi kinywani.

Bibi akamgeukia Mama Mpishi. "Basi pamba wewe."

Mama Mpishi akanyoosha mikono yake mbele. "Uzee, Bibi. Inatetemeka. Tazama."

Na kweli ilikuwa inatetemeka. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwona akitunga uzi kwenye sindano.

Siku ya kuamkia harusi, mchana, mikate ilikuwa imeokwa na kupoa, mitupu, kwenye masinia. Binti akaingia jikoni peke yake, hina mikononi haijakauka vizuri. Aliketi chini kando yangu, na nguo zake nzuri.

"Yaya, si mimi niliyekufunga."

"Najua, mwanangu."

"Basi nifanyie mimi. Mama tumwache."

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Kofi ni rahisi, vitisho ni rahisi. Huyu nilikuwa nampenda. "Nikikufanyia weye," nikamwambia, "nitakuwa nimemfanyia yeye. Hakuna njia nyingine ya kukufanyia weye peke yako. Ningeijua ningeipita."

Aliitazama mikate, mmoja mmoja. Kisha akasema kitu ambacho sikukifikiria. "Nionyeshe basi namna ya kukunja jani."

Sikuwa nimeapa kutofundisha. Nilimwelekeza kwa maneno, mikono yangu mapajani: pitisha juu ya moto, si hivyo, polepole, kunja, shika hapa, kata ncha, kidogo. Akaminya. Povu likatoka kwa nyuma, likamwingia kwenye mkono wa nguo. Akajaribu tena. Alikuwa akitoa ulimi nje kama alivyokuwa akifanya utotoni. Maua yake yalifanana na nyayo za kuku, samawati aliitia ndimu bila kuuliza ikawa zambarau, na hina ikachafuka kabisa. Wasichana wa jikoni waliuma midomo. Mimi sikumsaidia wala sikumcheka. Alipamba mikate yote, mmoja baada ya mwingine, mpaka jua likageuka.

Bibi alipoingia na kuona, alishika kichwa. "Umefanya nini? Watu wa Nyangwe watatucheka!"

"Wacheke," binti akasema. "Nimefanya mwenyewe."

Wageni wakala hivyo hivyo. Walisema bibi mmoja mkubwa wa upande wa bwana harusi aligeuza kikombe chake huku na huku akauliza ni nani aliyepamba. Binti akajibu ni yeye. Sikuwepo; nilikuwa uani nakoka moto wa wali, na walionisimulia walisema Bibi alikuwa anatazama sinia muda wote. Kuondoka, binti alipita jikoni, akanishika mkono ule wa kulia, akaushika tu, kisha akaenda kwa mumewe. Sikumwona tena.

Bibi alitimiza neno lake. Msafara wa pembe ulipotoka nami nilitoka nao. Mama Mpishi alinipa kipekecho chake mwenyewe, kile alichotoka nacho pwani. Hakulia. Mimi nililia, mpaka tulipovuka mto wa pili nikachoka kulia na kutembea kwa pamoja, nikachagua kutembea.

Kabambare, nyumba ya wakala wa Bwana ilikuwa inatawaliwa na suria wake, mwanamke mnene, Mubangubangu kama mimi, mwenye sauti ya kuita mbali. Alinitazama pale mizigo ilipokuwa inatuliwa.

"Weye ndiye mutu wa mikate?"

"Ndiyo, Mama."

"Nao wanasema ulimwambia Bibi wa Kasongo hapana."

"Ndiyo, Mama."

"Ulisema vipi? Sema kama ulivyosema."

Nikasema. Alicheka akajishika mbavu, akaniambia nirudie, akamwita jirani aje asikie. Kisha akamwendea bwana yake akamwambia jiko lake halina mpishi na mimi siendi Ujiji. Jiko lake lilikuwa na wapishi tele. Lakini sikwenda.

Huko nilipamba. Nilipambia nyumba ile, na harusi za wapagazi, na mtoto wa mhunzi alipotahiriwa. Sikumwuliza mtu ni muungwana au mtumwa. Siku ya kwanza nilipochora chale za mama yangu, yule suria alisogea, akatazama, akaonyesha kwa kidole. "Mustari huu wa kati umekosa. Iko miwili." Akafungua nguo yake kidogo, akanionyesha tumboni mwake. Nilimwuliza ni kijiji gani wanachanja vile. Akasema vijiji vingi, huku kote. Basi nikaongeza mstari wa pili, na nimeichora miwili tangu siku ile.

Kisha vita vya wazungu na Waarabu vikaja. Tulisikia Kasongo imechukuliwa, na watu wakapita Kabambare wakikimbilia ziwani, mabwana na watumwa wao katika vumbi moja. Bwana wa Kasongo alipita usiku, walisema. Bibi sijui alipita au alibaki. Mama Mpishi nilimwulizia kwa kila aliyepita, na hakuna aliyekuwa na jibu. Baadaye tuliambiwa hatuna bwana tena. Wazungu nao wakataka utomvu wa mpira na chakula na wachukuzi, na hilo ni jambo jingine. Mimi nilikaa Kabambare, nikaolewa, nikaoka.

Mwenzangu alikuja wakati mambo yametulia kidogo, na mumewe na mtoto mgongoni. Nilimjua kwa kicheko kabla sijamwona, alikuwa anacheka na mtu njiani. Tulishikana mpaka mtoto akaanza kulia kwa kubanwa.

Nilipompa maji, nikamwuliza habari za uani.

"Hukusikia?" akasema. "Weye ulipoondoka, aliolewa yule musichana wa kufua. Tukamufanyizia mukate, ile ya kahawia. Bibi akafunga mukono wa aliyepamba. Akaolewa mwingine. Tukafanyiza. Akafunga mwingine. Akaolewa mwingine tena."

"Mkaendelea tu?"

"Tungeacha vipi na weye umekwisha kupelekwa? Mupaka ikafika siku jikoni watu wa mukono moja wako wengi kuliko wa mikono miwili. Wali unachelewa, maji hayafiki. Bwana akaja mwenyewe kuuliza chakula chake iko wapi. Akatuona, kila mutu na kamba. Akamwambia Bibi, 'Fungua upuuzi huu, mimi nina njaa.'"

Nilikaa chini. "Naye akafungua?"

"Wote, siku moja. Na harusi iliyofuata tulipamba mbele ya macho yake, pale pale uani. Alikaa barazani, hakutuzuia. Tulimupelekea kipande."

"Alikula?"

"Hatukungoja kuona."

Mtoto alikuwa amenyamaza sasa, ananitazama. Nikamwuliza mwenzangu ni nani aliyefungwa mkono wa kwanza, baada yangu. Akanyoosha mkono wake wa kulia.

"Weye? Weye hujui hata kukunja jani!"

"Sijui," akasema. "Ilikuwa mibaya sana, dada. Ilitoka kama matapishi. Lakini bibi harusi alikula, akalia, akaomba kipande kingine."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamwambia aketi vizuri, amlaze mtoto, nikatoka kwenda kwa jirani kutafuta mayai.